Dakika Sita za Baba Mkimya

“Marehemu alikuwa mpole, mkarimu, mcha Mungu, na alipenda watu wote.” Sentensi hii husikika wasifu wa marehemu unaposomwa, karibu kila Jumamosi, kwenye vihamba, yaani mashamba ya nyumbani ya migomba na kahawa, vya Uru, Kibosho, Machame na Marangu mkoani Kilimanjaro, na mara nyingi ni kweli tupu. Lakini ihamishe kutoka karatasi ya msiba huu uipeleke msiba wa jirani, hakuna atakayeshtuka. Waliokaa chini ya turubai wameambiwa kwamba aliyelala kwenye jeneza alikuwa mtu mwema. Alikuwa mtu gani, hawajaambiwa.

Wanaopunjwa zaidi na wasifu wa namna hii ni akina baba wakimya. Mzee aliyekuwa mwalimu mkuu, diwani au meneja ana vyeo, na vyeo hujaza karatasi vyenyewe: mwaka huu alipanda daraja, mwaka ule alihamishiwa Singida, mwaka mwingine alistaafu. Baba aliyelima kihamba alichoachiwa na baba yake, akafuga ng'ombe wawili wa ndani, akasomesha watoto sita na hakuwahi kusimama mkutanoni kusema zaidi ya sentensi tatu, huyo anaandikiwa kuzaliwa, shule na ndoa, kisha mwandishi anaishiwa. Nafasi inayobaki hujazwa na ugonjwa. Presha ilivyopanda, zahanati, hospitali ya Mawenzi, hospitali ya KCMC, oksijeni, saa na dakika aliyokata roho. Mtu aliyeishi miaka 78 anakumbukwa kwa siku 21 ambazo hakuwa na nguvu ya kufanya hata kimoja kati ya vile alivyovipenda. Ugonjwa unatosha mistari miwili: aliumwa nini, kwa jina ambalo familia imekubali litajwe, aliuguzwa wapi, alifariki lini. Madaktari na wauguzi watashukuriwa kwenye neno la shukrani, ambalo lina nafasi yake kwenye ratiba.

Mara nyingi tatizo huanzia kwenye kikao cha kwanza cha msiba, pale majukumu yanapogawanywa. Chakula, turubai na viti, jeneza, usafiri, kaburi, ratiba. Kila kazi inapewa mtu anayeijua. Wasifu unapewa aliyesoma zaidi. Huyo kwa kawaida ni kijana aliyetoka nyumbani akiwa na miaka 13 au 14 kwenda bweni, akaunganisha na chuo, kisha kazi Dar es Salaam, na kwa miaka 30 amekuwa akimwona baba yake wiki moja ya Desemba. Anamjua baba wa Krismasi. Kitinda mimba, ambaye kwa mila ya Kichaga hubaki na nyumba ya wazazi na ndiye aliyekuwa akila naye kila jioni, yuko nyuma ya migomba na wachimba kaburi. Na mama, mjane mwenyewe, amekaa ndani kwenye godoro amezungukwa na akina mama wenzake, hakuna anayemuuliza neno. Mke aliyeishi na mtu miaka 50 anausikia wasifu wa mumewe kwa mara ya kwanza pamoja na wageni. Katika makosa yote ya misiba yetu, hili ndilo linalouma kuliko mengine, na kulirekebisha hakuna gharama.

Wasifu ungeshikwa na watu watatu: mmoja mwenye kalamu nzuri, mmoja aliyeishi na marehemu, na mmoja wa rika lake. Muda upo. Mazishi ya Moshi vijijini mara nyingi husubiri siku tatu hadi tano ndugu wafike kutoka Mwanza, Dar es Salaam au nje ya nchi. Siku ya pili ikusanye habari, siku ya tatu iandike, na jioni yake karatasi isomwe kwa sauti mbele ya familia kabla haijapelekwa steshenari. Wasifu unaoandikwa usiku wa kuamkia mazishi hutoka na umri usiolingana na mwaka wa kuzaliwa, na kosa hilo linachapwa nakala 300.

Habari hukusanywa kwa maswali, na swali linalouliza sifa hurudisha sifa. Ukimuuliza jirani, “Mzee alikuwa mtu wa namna gani?”, atajibu kwa heshima, “Alikuwa mtu mzuri sana,” na mazungumzo yameisha. Muulize, “Siku ya kusafisha mfongo, mfereji wetu wa maji, mzee alikuwa anafika saa ngapi, na anashika kazi gani?” Hapo ataanza kueleza: kwamba alikuwa anakwenda juu kabisa kwenye banio, kule ambako mawe, vigogo vya migomba na udongo hupangwa upya kila mara maji yanapobomoa, kwa sababu vijana walikuwa hawapendi kuingia kwenye maji ya baridi. Ukimya wa mtu husimuliwa na kazi zake. Mtu asiyesema amezungumza maisha yake yote kwa mikono, na walioiona ile mikono wapo, wanasubiri kuulizwa.

Mama aulizwe jioni, wageni wakipungua, asiulizwe usiku wa kwanza, na awepo dada yake au mkwe aliyezoeana naye. Nusu saa inatosha. “Pole, mama. Baba alikuwa akiamka anaanza na nini?” “Mama, pesa ya kahawa ikifika, baba alikuwa anaitoa vipi mfukoni?” “Nani alikuwa anamkasirisha, na akikasirika alikuwa anafanya nini?” Swali la mwisho linaonekana la ajabu kwenye msiba, lakini wake wa wanaume wakimya hulijibu kwa tabasamu: alikuwa anachukua panga anakwenda kukata majani makavu ya migomba mpaka giza linaingia. Mama akitaka kusema kwa Kichaga, aachwe aseme kwa Kichaga, na simu irekodi. Kutafsiri kutafanyika baadaye.

Mtu wa rika lake ana sehemu ambayo watoto hawaijui kabisa, ile ya kabla hawajazaliwa. Muulizeni walikuwa wanachunga wapi, walitembea umbali gani kwenda shule, nani alimsindikiza kwenda kuposa.

Baada ya watu, fungueni sanduku. Baba mkimya wa Kilimanjaro hutunza karatasi. Mtakuta kijitabu cha chama cha msingi cha ushirika chenye kilo za kahawa na tarehe alizopeleka, stakabadhi za malipo ya awali na ya pili, risiti za ada, ripoti za shule zilizokunjwa mara nne, bahasha za ahadi za usharika au kadi ya zaka, na kadi za kliniki za watoto waliokwisha kuwa wazee. Zilinganisheni. Msimu wa kahawa huku huanza katikati ya mwaka na kuishia Desemba, na ada zilikuwa zinadaiwa Januari. Mkiona kwenye kijitabu kwamba mwaka fulani kilo zilishuka hadi nusu kwa sababu ya chulebuni, ugonjwa wa kahawa, na risiti ya ada ya mwaka uliofuata bado ipo imelipwa yote, hapo kuna jambo la kuuliza: pesa ilitoka wapi? Jibu linaweza kuwa ng'ombe aliyeuzwa, au mbao za mringaringa uliokatwa nyuma ya nyumba, au miezi mitatu ya vibarua kwenye miwa ya Arusha Chini. Hiyo ndiyo aya ya katikati ya wasifu wake, na yeye mwenyewe asingeisema hata mara moja.

Kazi za kihamba pia zielezwe kwa usahihi, maana wajukuu wengi waliozaliwa mjini hawazijui tena. Kusema “alikuwa mkulima wa kahawa” hakumwonyeshi mtoto wa Sinza kitu chochote. Kahawa iliyoiva ikichumwa mchana hutakiwa kumenywa siku hiyohiyo, la sivyo inaanza kuchacha ndani ya ganda na ladha inaharibika. Kwa hiyo mashine ya mkono ilizungushwa usiku, kwa taa ya kandili. Punje zilichachushwa siku moja hadi mbili, zikaoshwa mara kadhaa, zikaanikwa kwenye vichanja kwa wiki moja hadi mbili, zikigeuzwa, zikifunikwa jua likiwa kali mno au wingu likitanda. Baba aliyekuwa hatoki kwenda kilabu cha pombe ya mbege jioni za Oktoba alikuwa na sababu, na sababu hiyo ilikuwa kwenye kichanja.

Hata migomba inamsema mwenye kihamba. Shina lililotunzwa huachiwa migomba mitatu: mama anayebeba mkungu, mtoto anayemfuata, na mjukuu anayechipua, machipukizi mengine yanang'olewa. Shina lililosahauliwa linasongamana na mikungu inakuwa midogo. Mgeni anayepita kwenye kihamba cha marehemu siku ya mazishi, akiona mashina yamepangika hivyo hadi mpakani kwenye mimea ya masale, ameshasoma nusu ya wasifu kabla haujasomwa.

Tarehe zitawasumbua. Wazee wengi waliozaliwa kabla ya Uhuru hawana cheti cha kuzaliwa, na mwaka ulioandikwa kwenye kitambulisho ulikuwa makisio ya karani. Kitabu cha ubatizo cha parokia au usharika ndicho cha kwanza kutazamwa. Mara nyingi kina tarehe ya ubatizo, majina ya wazazi na ya wasimamizi, na wakati mwingine ya kuzaliwa. Pasipokuwa na kitabu, tumieni matukio ambayo kila mzee wa kaskazini anayakumbuka. Je, alioa kabla ya Uhuru wa 1961 au baada yake? Mtoto wa kwanza alizaliwa kabla ya KCMC kufunguliwa 1971 au baada? Nyumba ya bati ilijengwa kabla vyama vya ushirika havijavunjwa 1976, au vilipokwisha kurudi miaka ya 80? Alikuwa kazini Reli mpaka Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977? Alikuwa wapi wakati wa vita vya Kagera, na siku Waziri Mkuu Sokoine alipofariki, Aprili 1984? Kwa waliofanya kazi Arusha, kusimama kwa kiwanda cha matairi 2009 ni alama nyingine. Maswali manne ya namna hii hubana tukio ndani ya miaka miwili au mitatu. Mkibaki na shaka, andikeni “mwanzoni mwa miaka ya 70”. Ni uungwana kuliko tarehe ya kubuni.

Majina yana uzito wa pekee. Mzee mmoja anaweza kuwa na jina la Kichaga alilopewa na babu, jina la ubatizo, na jina la tatu aliloandikiwa kazini au kwenye akaunti ya benki, wakati mwingine kwa herufi tofauti. Wasifu uyataje yote, kwa sababu jirani wa utotoni anamjua kwa la kwanza na mwenzake wa kazini anamjua kwa la tatu. Linganisheni pia na jina litakaloingia kwenye cheti cha kifo. Kifo husajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili, kupitia wilaya, na sheria inataka taarifa itolewe ndani ya siku 30. Cheti kikitoka na jina lisilofanana na la hati ya kiwanja au akaunti, familia itarudi kwa wakili kula kiapo cha majina kabla ya mirathi kusogea. Anayekusanya habari za wasifu tayari ameshika karatasi zote mkononi. Ni yeye wa kwanza kuona kwamba herufi hazilingani.

Halafu ile orodha: “ameacha mjane, watoto 6, wajukuu 14 na vitukuu 3.” Hapa ndipo misiba hupasuka. Mtoto aliyezaliwa kabla ya ndoa, au wa mama mwingine Arusha mjini, akiachwa kwenye orodha iliyosomwa mbele ya ukoo mzima, ameambiwa hadharani kwamba hayupo. Wasifu si hati ya mahakama, lakini jeraha lake hufika kwenye kikao cha ukoo cha kupendekeza msimamizi wa mirathi, na kikao hicho huvunjika kwa jambo lililoanzia kwenye kijitabu cha ratiba. Idadi na majina vithibitishwe na mama, kaka mkubwa na shangazi, kwa sauti, kabla ya kuchapwa. Watoto waliotangulia mbele ya haki nao watajwe. Baba mkimya huenda alikuwa anakwenda peke yake kupalilia kaburi la mtoto wake bila kumwambia mtu.

Na ukweli mgumu uwekwe wapi? Upo ukimya uliokuwa upole, na upo uliokuwa hasira. Wasifu haulazimiki kusema kila kitu, ila usiandike kinyume cha kinachojulikana. Kama kijiji kizima kinajua aligombana na jirani kuhusu mpaka kwa miaka kumi, “hakuwahi kugombana na mtu” itawafanya watu wainamishe vichwa. Kama waligombana kisha mmoja akapeleka jani la isale kuomba msamaha na likapokelewa, na nyumba zote mbili zimekubali lisemwe, lisemwe. Halitamvunjia heshima marehemu.

Kuandika kwenyewe ni kazi ya kufuta. Mtu husoma kwa sauti, taratibu, maneno 100 hivi kwa dakika. Dakika sita ni maneno 600, na hicho ndicho kipimo ambacho watu waliokaa juani wanaweza kukisikiliza chote. Maneno 100 yaende kwenye kuzaliwa, wazazi, shule na ndoa. 350 kwenye kazi na nyumba yake. 50 kwenye ugonjwa. Yanayobaki kwenye familia aliyoiacha. Miaka inayotajwa isizidi sita, maana “mwaka elfu moja mia tisa hamsini na mbili” ni mzigo mdomoni na msikilizaji haubebi. Chukua sentensi ya “mpole na mkarimu” uitafutie tendo lake. Tuseme habari zilizokusanywa ziko hivi: “Siku ya zamu ya mfongo alikuwa wa kwanza kufika, na alikwenda juu kwenye banio. Kahawa iliyochumwa mchana aliimenya usiku uleule. Desemba alikuwa anakata nyama ya ukoo kwa mkono wake, na fungu la shangazi waliofiwa na waume zao alilitenga kwanza, kabla ya la kaka zake.” Neno “mkarimu” halimo, na hakuna atakayeuliza limekwenda wapi.

Kijitabu cha ratiba hutengenezwa kwa A4 zilizokunjwa katikati, kwa hiyo kurasa zake hugawanyika kwa nne: 8 au 12. Maneno 600 huchukua kurasa mbili kwa herufi za kawaida. Mkipeleka 1,400, fundi atapunguza herufi mpaka wazee wasione.

Picha ni eneo jingine ambalo baba mkimya hupotea. Kwa kuwa hakupenda kupigwa picha, familia huchukua ya kitambulisho, fundi anaikuza na kumvalisha suti ya kompyuta. Mtu aliyevaa koti lake la kaki miaka 20 anaonekana kama mgeni kwenye msiba wake. Tafuteni picha aliyosimama kwenye kahawa, au aliyoketi pembeni kwenye harusi ya binti yake. Kama iliyopo ni ya pasipoti tu, ya milimita 35 kwa 45, iskaniwe kwa nukta 1,200 kwa inchi badala ya kupigwa na simu. Itatosha kuchapwa hadi sentimita 14 kwa 18 kwenye jalada, na ya fremu, inayotazamwa kwa mbali, inaweza kukaribia A3 ikiwa laini kidogo tu. Picha ya zamani iliyoganda kwenye kioo isibanduliwe, rangi itabaki kwenye kioo. Ipigwe hapohapo, kivulini, kwa kuinamisha kamera kidogo kioo kisimulike. Majina ya waliomo yaandikwe nyuma kwa penseli laini, mama akiwa anawataja. Kalamu ya wino hupenya.

Msomaji apewe karatasi yenye herufi za ukubwa wa 14, upande mmoja tu, kurasa zikiwa na namba. Simu isitumike kusomea: jua la saa saba huzima kioo, na mtu anaweza kupiga katikati ya jina la marehemu. Mjukuu aliyeisoma mara mbili kwa sauti jioni iliyotangulia anafaa kuliko mtoto ambaye kila mtu anajua atashindwa kwenye mstari wa tatu.

Kwa familia za Kiislamu, ambazo huzika mapema na hazina kisomo hiki makaburini, kazi ni ileile ila muda ni mrefu zaidi: habari zikusanywe bila haraka na zisomwe nyumbani siku ya arobaini au hitima.

Msiba ukiisha, wasifu usibaki kwenye vijitabu vilivyolowa umande. Sauti ya mama iliyorekodiwa inakiliwe sehemu mbili tofauti, pamoja na ujumbe wa sauti ambao baba aliwatumia watoto, hata kama anasema tu kwamba mvua imenyesha. Nakala moja safi, iliyosahihishwa kwa yale yaliyokumbukwa na wageni siku ya mazishi, iwekwe kwenye bahasha ya karatasi, maana plastiki hutunza unyevu wa mlimani na kubandanisha picha.

Kaburi nalo lisiharakishwe. Udongo uliofukiwa upya hutitia, na masika ya kwanza, Machi hadi Mei, huutitisha zaidi. Vigae vilivyowekwa kabla ya hapo hupasuka pembeni. Miezi hiyo ya kungoja inatosha kuamua maneno ya jiwe. Fundi anachonga kile alichoandikiwa kwenye karatasi, herufi kwa herufi, kwa hiyo karatasi hiyo isomwe kwanza na mama, na chini ya tarehe mbili pabaki nafasi ya mstari mmoja ambao atauchagua yeye.